Mabaraza ya Kotagede Yanayotazama Kusini

Kila baraza kongwe la Kotagede linapovunjwa na kuuzwa, utetezi ni uleule: mbao hazijapotea, zimehama tu. Ni kweli kwamba joglo, nyumba ya jadi ya Kijava, hujengwa kwa msaji uliochongwa ndimi na kukazwa kwa vigingi, kwa hiyo hufunguliwa na kusimamishwa kwingine. Lakini nyumba hiyo ina uso na mgongo, na hivyo havipakiwi kwenye lori.

Kotagede, kusini-mashariki mwa jiji la Yogyakarta kisiwani Java, ilikuwa makao makuu ya ufalme wa Mataram tangu mwishoni mwa karne ya 16. Panembahan Senapati, mtawala wake wa kwanza, amezikwa hapo. Kisichotazamwa vya kutosha ni kichochoro kimoja kinachokwenda mashariki hadi magharibi, kati ya malango mawili. Kusini mwake zimepangana pendopo, mabaraza yasiyo na kuta, paa likibebwa na nguzo kuu nne. Kaskazini ni dalem, nyumba ya ndani, na nyuma kabisa vyumba vitatu vya senthong. Cha kati ni cha Dewi Sri, mungu wa mpunga, na mbele yake ndipo maharusi huketishwa.

Wengi walioandika wameridhika kusema nyumba hizi hutazama kusini kwa heshima ya Ratu Kidul, malkia wa bahari. Imani hiyo ipo, sikatai. Lakini kichochoro haikielezi. Kila kipande cha njia hiyo ni kiwanja cha mtu, kati ya baraza lake na dalem yake. Kimekuwa njia ya wote kwa sababu majirani wote wamejenga kwa mpango mmoja. Mmoja akigeuza nyumba, mtaa mzima umezibiwa. Tena katika kasri la Yogyakarta, Bangsal Kencana, baraza kuu la Sultani, hutazama mashariki, si kusini. Uelekeo hapa ni ujirani kama ulivyo ibada.

Tetemeko la Mei 27, 2006 liliua watu zaidi ya 5,700 na kubomoa joglo nyingi. Wenye nyumba waliokosa fedha waliuza nguzo, nazo zikasimamishwa mbali, zikitazama barabara. Siwalaumu wao. Hata mwaka 2023, mhimili wa Yogyakarta, mstari wa kaskazini hadi kusini unaopita kasri, ulipoingia orodha ya Urithi wa Dunia, Kotagede ilibaki nje ya mstari huo.

Chuo Kikuu cha Gadjah Mada kilinunua joglo moja ya Kotagede iliyoharibika na kuikarabati pale pale ilipo. Wenye fedha wanaozipenda nyumba hizi wafanye vivyo hivyo: wazinunue zilipo, na waziache zilipo.