Kuhesabu Watu katika Agano la Kale

Wasomaji wengi wa Maandiko Matakatifu wanaona shaka mbele ya jambo hili. Katika kitabu cha Hesabu, Mungu mwenyewe anamwagiza Musa ahesabu Waisraeli. Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura 24, Daudi anawahesabu, na watu 70.000 wanakufa kwa tauni. Sababu gani kazi moja ni utii kwa Musa na zambi kwa Daudi?

Tutazame kwanza maneno. Kwa Kiebrania, kuhesabu watu ni «kuinua kichwa» cha kila mmoja. Neno la pili ni paqad, maana yake kuhesabu na pia kutembelea: ndilo alilotumia Yosefu karibu na kufa, akiwaahidi ndugu zake kwamba Mungu atawajia. Lakini maneno peke yake hayatoshi. Paqad linapatikana katika habari ya Daudi vilevile. Na katika Mwanzo 40, Farao anainua vichwa vya wafungwa wawili: mmoja anarudishwa kazini, mwingine anatundikwa mtini.

Basi, tuulize watu ni wa nani, na wanahesabiwa kwa kusudi gani. Sheria ya Kutoka 30 inajibu. Kila mwanaume aliyehesabiwa, tangu miaka 20, atoe nusu ya shekeli kuwa ukombozi wa roho yake. Tajiri asizidishe, maskini asipunguze. Feza ile ilishuhudia kwamba watu ni mali ya Mungu, na kwamba mbele yake bei yao ni moja. Ni kweli, Musa naye alihesabu wanaume wa vita, 603.550. Lakini Walawi walihesabiwa tangu mtoto wa mwezi mmoja, asiyeweza kushika upanga wala chombo.

Katika habari ya Daudi hakuna ukombozi unaotajwa. Yoabu alijaribu kumzuiza, akashindwa; akazunguka inchi miezi 9 na siku 20, akaleta hesabu ya wenye kufuta upanga: 800.000 wa Israeli, 500.000 wa Yuda. Mjane, mtoto, mgonjwa, hakuna.

Wazee wetu wa Katanga walielewa habari hii bila mwalimu. Wakati wa Wabelgiji, Leta iliandika watu kijiji kwa kijiji, na katika karatasi zake kulikuwa fungu la «hommes adultes valides», ndio wanaume wazima wenye nguvu. Kwa hesabu yao ilijua kodi ya kutozwa, na watu wa kutafutwa kwa kazi, hata ya migodi. Si ajabu kwamba kuandikwa kuliogopwa.

Eklezya nayo inahesabu. Rituale ya Roma ya 1614 iliagiza paroko ashike kitabu cha status animarum, hali ya roho za watu, nyumba kwa nyumba. Hapa Buluo, karibu na Likasi, kuna gereza, na kila gereza linahesabu watu wake ili asitoroke mtu. Katekista anapoandika jamaa, je, anaandika pia baba aliyefungwa? Tukimwacha kwa kuwa hatoi mchango wala haonekani kanisani, tumehesabu kama Yoabu. Tukimwandika, tunajua mlango gani wa kubisha na nani wa kutembelea.

Wandugu, Bwana wetu alijiweka mwenyewe katika hesabu ya wafungwa na wagonjwa. Tunapofungua kitabu cha paroki, tuanze kwa majina yao.