Makala au hali halisi?

Mjini Doha, Al Jazeera ina chaneli iliyoanzishwa mwaka 2007 kwa ajili ya filamu za aina moja tu, zile za hali halisi. Kiarabu huziita “wathaiqiya”, neno la ukoo mmoja na lile la Kiarabu la hati, na mzizi wake ni uaminifu. Runinga zetu husema “makala”, kutoka mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kusema. Neno zuri, ila limebebeshwa mno: andiko la gazeti, utafiti wa mhadhiri, hata mkanda ambao wizara imeulipia ili isifiwe.

Tazama The Workers Cup ya Adam Sobel (2017), kuhusu mashindano ya soka ya wafanyakazi wahamiaji nchini Qatar, yaliyodhaminiwa na kamati iliyoandaa Kombe la Dunia la 2022. Mabao na vifijo vimo. Lakini kamera inawafuata wachezaji, akiwamo Mkenya, hadi kambini, kwenye upweke na kazi ambayo mtu hawezi kuiacha kwa hiari yake. Hiyo ndiyo filamu ya hali halisi. Ule mkanda wa wizara ni tangazo, hata ukiwa wa saa nzima, na ratiba za runinga ziuite hivyo.