Mchanga Unaoinywesha Lamu

Mnamo mwaka 1812 hivi, majeshi ya Wamazrui wa Mombasa na washirika wao wa Pate yaliteremka ufukweni Shela, yakikusudia kuutwaa mji wa Lamu. Yalishindwa vibaya. Walipogeuka kukimbilia vyombo vyao, maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vimekaa mchangani. Wengi waliuawa papo hapo, na wenyeji husimulia kwamba kwa miaka mingi upepo ulikuwa ukifukua mifupa yao vilimani. Kwa kuhofia kisasi, Walamu walimwomba Seyyid Said wa Omani awalinde.

Vilima hivyo vya mchanga vinaanzia nyuma ya Shela na kuufuata ufuko wa kusini mwa kisiwa cha Lamu. Ni kazi ya kusi. Upepo huo huokota mchanga mkavu ufukweni na kuusukuma ndani, hadi unaswe na mimea itambaayo. Mizizi hukishika kilima kisihame.

Lakini utajiri wake uko chini. Mvua ya masika ikinyesha, mchanga huinywa yote, na maji hayo matamu, kwa kuwa ni mepesi, huelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini. Wataalamu wanakadiria kuwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina mita 40 hivi za maji matamu chini ya usawa huo. Basi maji yakivutwa mno, kina kikishuka kidogo tu juu, chumvi hupanda sana kutoka chini. Visima vya Shela ndivyo vinavyoinywesha Lamu, kisiwa kisicho na mto.

Watu wa Shela wanaijua hatari hiyo kwa masimulizi ya wazee wao. Asili yao ni Takwa, ng'ambo ya mkono wa bahari, kisiwani Manda, mji uliohamwa karne ya 17. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni visima vyake kuingiwa na chumvi. Hadi leo huvuka kwenda kwenye kaburi la mnara la Takwa kuomba mvua, kisha hurudi kwenye vilima vinavyoipokea.

Mwaka 2001 UNESCO iliutia Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia. Eneo lililoorodheshwa ni hekta 16 tu, na vilima haviko ndani yake, ingawa maelezo ya UNESCO yenyewe yanasema uhai wa mji unategemea maji ya vilima hivyo na kwamba ujenzi haramu unavitishia. Kwangu mimi, kuitunza milango ya nakshi huku mchanga ukigawanywa viwanja ni kuutunza nusu mji. Nyumba inayojengwa juu ya kilima huchimbiwa shimo la maji machafu, na yanayovuja humo huzama katika mchanga uleule unaochuja maji ya visima.