Jinsi Sauti Ilivyofungamana na Picha

Msomaji, utazamapo filamu ukaona midomo ya mtu ikienda sawasawa na maneno yake, usidhani kwamba jambo hilo ni jepesi. Mafundi walihangaika nalo kwa zaidi ya miaka 30, na hata katika zama hizi za kompyuta halijaacha kuwasumbua.

Thomas Edison wa Marekani alivumbua mashine ya kunasa sauti mwaka 1877. Baadaye karakana yake ilitengeneza mashine ya picha ziendazo. Mwishoni mwa 1894 au mwanzoni mwa 1895, msaidizi wake William Dickson alijaribu kuziunganisha. Alisimama mbele ya pembe kubwa akapiga fidla, na wanaume wawili wakacheza dansi kando yake. Picha zilinaswa katika filamu, na sauti katika mcheduara wa nta. Lakini viwili hivyo vilitengana, filamu ikabaki bubu. Mwaka 2000 ndipo mhariri Walter Murch alipovikutanisha kwa kompyuta, na fidla iliyonyamaza zaidi ya miaka 100 ikasikika tena ikiandamana na mkono wa mpigaji, kwa sekunde 17 hivi tu.

Mwaka 1913 Edison alijaribu tena. Mashine ya sauti iliwekwa karibu na kitambaa cha sinema, na ile ya picha nyuma ya watazamaji, zikaunganishwa kwa kamba ndefu. Kamba ilipoteleza, au filamu ilipokatika, mwimbaji alifumba kinywa na wimbo ukaendelea! Watu wakacheka pasipo kichekesho. Wahenga walisema kweli kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja.

Dawa ilikuwa kuwa na kiongozi mmoja. Katika mashine ya Vitaphone ya mwaka 1926, mota moja ilizungusha filamu na santuri pamoja. Kwa njia hiyo filamu ya The Jazz Singer ilionyeshwa mwaka 1927. Hata hivyo santuri ilikuwa bado kitu mbali. Hivyo sauti ikachapwa kama mstari pembeni mwa filamu yenyewe. Hapo likazuka fumbo jingine: picha hapana budi isimame kitambo mbele ya taa, mara 24 kila sekunde, lakini sauti ikisimama huharibika. Mafundi wakaichapa sauti mbele ya picha yake kwa umbali wa picha 20 hivi, ili filamu ipate nafasi ya kutulia na kwenda kwa ulaini kabla ya kusomwa sauti.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Katika miaka ya 1980, Miller Puckette alitunga programu iitwayo Max katika taasisi ya IRCAM, Paris. Na mwaka 1996 akatoa nyingine, Pure Data. Humo mtungaji haandiki mistari ya amri, bali huchora visanduku na kuviunganisha kwa nyuzi. Mwanzoni kazi yake ilikuwa muziki, kisha picha zikaongezwa.

Ugomvi wa kale ukarudi. Sauti hudai vipimo 44,100 kila sekunde. Picha hutosheka na 25 au 30. Pure Data hukokotoa sauti kwa mafungu ya vipimo 64, na kila fungu halitimizi hata sehemu mbili za elfu za sekunde. Kompyuta ikikawia kuchora picha moja kubwa, sauti hukauka na mlio wa kukatika husikika. Kwa hiyo watungaji huweka sauti kidogo ya akiba, kwani akiba haiozi. Tena wengi huendesha programu mbili, moja ya sauti na moja ya picha, zikipelekeana habari. Na hapo pia kiongozi ni mmoja: sauti ndiyo saa, na picha iliyochelewa huachwa.

Waweza kuuliza, kwa nini picha ndiyo idhulumiwe? Kwa sababu jicho husamehe picha moja iliyopotea, bali sikio halisamehi hata pengo dogo. Mashine zimebadilika mara nyingi tangu siku za Dickson, lakini jicho na sikio la mwanadamu ni yale yale. Basi atakaye kuvumbua chombo, na aanze kwa kumjua mwanadamu atakayekitumia.