Bluetooth: jino la mfalme

Ndani ya neno Bluetooth yumo mfalme. Harald, aliyetawala Denmark katika karne ya 10, alipewa lakabu ya "jino la buluu", na anakumbukwa kwa kuiunganisha nchi hiyo. Mwaka 1997 Jim Kardach, mhandisi wa Intel, alipendekeza jina hilo litumike kwa muda tu, wakati kampuni zikitafuta njia moja ya kuunganisha simu na kompyuta bila waya. Likaganda. Hata alama yake ni herufi mbili za kale za Skandinavia, H na B, zilizopandanishwa. Wapo wanaotaka tulitafsiri jina hilo kwa Kiswahili. Mimi nakataa: limeshaganda. Tuliandike lilivyo, tena kwa herufi kubwa mwanzoni.