Jua kazi zote za bomba la chuma kabla ya kuling'oa na kuweka la plastiki

MABOMBA ya chuma yaliyopakwa zinki ndiyo yaliyosambaza maji katika majengo mengi nchini kwa miongo kadhaa, kuanzia mitaa ya zamani ya Nairobi kama vile Kaloleni na Jericho hadi majumba ya Mji wa Kale, Mombasa. Zinki hiyo hulika polepole, na inapokwisha, chuma huota kutu kwa ndani. Njia ya maji huwa nyembamba, maji ya alfajiri hutoka na wekundu wa kutu, na hatimaye ukuta huanza kulowa. Fundi akiziba tundu hapa, jingine hutokea pale. Hapo mwenye nyumba hana budi kubadilisha mabomba yote.

Aghalabu hushauriwa kuweka plastiki inayopindika, na ushauri huo una mantiki. Bomba la chuma hukatwa na kuungwa kila linapopiga kona, na kila kiungo ni mahali panapoweza kuvuja. Bomba linalopindika huweza kupitishwa darini na kushushwa ukutani bila kiungo hata kimoja hadi kwenye mfereji wa jikoni. Faida hiyo huonekana zaidi katika nyumba za Pwani zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, ambayo humeguka ovyo yanapochongwa, na ambako hewa ya chumvi huharakisha kutu.

Hata hivyo, bomba la chuma lilifanya kazi nyingi zaidi ya kupitisha maji. Lilistahimili joto la hita, jua la paani na meno ya panya, na katika nyumba nyingine lilihusika katika kuwakinga wakazi dhidi ya umeme. Anayeling'oa lazima ajue kazi hizo zote, na aamue ni nini kitakachozifanya baada yake.

Aina tatu zisichanganywe

Madukani mtu hukutana na aina tatu za mabomba ambazo mafundi wengi huziita plastiki tu, ilhali hazifanyi kazi moja.

Ya kwanza ni HDPE, bomba jeusi linalouzwa likiwa limekunjwa kwa miviringo. Hupindika vizuri, halioti kutu, na linafaa kwa maji baridi yanayotoka kwenye mita barabarani hadi kwenye tangi. Presha iliyoandikwa juu yake hupimwa maji yakiwa na nyuzi 20 za Selsiasi. Kadiri joto linavyopanda ndivyo uwezo wake unavyoshuka, kwa hivyo halifai kamwe kwa maji ya moto.

Ya pili ni PEX, plastiki ya jamii hiyo hiyo ambayo chembechembe zake zimefungamanishwa kiwandani ili zisilegee zinapopata joto. Hupindika, na hubeba maji baridi na ya moto. Kwa kiwango cha Marekani cha ASTM F876, bomba hilo huhimili presha ya baa 11 katika nyuzi 23, na baa 6.9 katika nyuzi 82. Lipo pia lenye utando wa alumini katikati ya tabaka mbili za plastiki. Hilo hubaki lilivyopindwa na halirefuki sana linapopata joto.

Ya tatu ni PPR, ambalo aghalabu ni la kijani au jeupe, na ambalo mafundi wengi nchini wamelizoea. Hubeba maji ya moto, lakini ni gumu. Huunganishwa kwa kuyeyushwa kwa mashine yenye joto la nyuzi 260 hivi, na kila kona huhitaji kiungo chake. Ni bomba zuri kwa jengo jipya ambalo kuta zake bado ziko wazi. Kwa jengo kuukuu lenye wapangaji ndani, PEX hupunguza uchongaji na idadi ya viungo.

Ukubwa hudanganya

Bomba la chuma hutajwa kwa upana unaokaribia ule wa ndani, ilhali la plastiki hutajwa kwa upana wa nje. Bomba la chuma la nusu inchi lina tundu la milimita 16 hivi. PPR la milimita 20 la daraja la PN20 lina ukuta wa milimita 3.4, hivyo tundu lake ni milimita 13.2 pekee. Nafasi ya kupita maji imepungua kwa karibu thuluthi moja, na mpangaji wa ghorofa ya juu ndiye atakayelalamika kwanza.

PEX la milimita 20 lenye ukuta wa milimita 1.9 lina tundu la milimita 16.2, karibu sawa na chuma. Anayechagua PPR la PN20 hana budi kupanda hadi milimita 25 ili kupata nafasi kama hiyo.

Kuhusu presha, kila mita 10 za kimo cha tangi huzaa takriban baa 1. Tangi lililo mita 12 juu ya mfereji wa ghorofa ya chini hutoa baa 1.2 tu. Kwa nyumba nyingi zinazotegemea tangi la paani, basi, presha si tishio kubwa. Panapoharibika mambo ni kwenye joto na viungo.

Joto, jua na panya

Bomba la plastiki lisiunganishwe moja kwa moja na hita. Sehemu ya kwanza, yapata sentimita 45, ibaki kuwa ya chuma au shaba. Tahadhari izidi kwa mitambo ya kupasha maji kwa nguvu za jua, kwa kuwa maji yasipotumiwa mchana kutwa, joto ndani ya mtambo huweza kupita nyuzi 100. Hapo panahitajika bomba la shaba, na valvu ya kuchanganya maji ya moto na baridi kabla hayajaingia kwenye plastiki.

Plastiki hurefuka sana inapopata joto. PPR la kawaida au PEX lisilo na alumini, lenye urefu wa mita 10, huongezeka kwa takriban sentimita 6 maji yanapopanda nyuzi 40. Chuma cha urefu huo huongezeka kwa nusu sentimita tu. Fundi akilibana bomba kwa vibanio kama alivyozoea kubana chuma, litajipinda au litavuta viungo.

PEX halipaswi kuachwa juani, kwa sababu miale ya jua huifanya plastiki hiyo iwe kavu na kupasuka. HDPE jeusi lina masizi ya kaboni yanayolikinga, ndiyo maana hufaa zaidi nje. Panya nao hutafuna plastiki laini, kwa hivyo panapopita bomba darini patiwe ala ngumu na matundu ya ukutani yazibwe. Vilevile, bomba la plastiki lisizikwe kwenye udongo uliomwagikiwa petroli au dizeli, kwa mfano karibu na gereji, kwani mafuta hayo hupenya hadi kwenye maji ya kunywa.

Viungo ndivyo hushindwa kwanza

Nchini Marekani, bomba laini la polibutilini liliwekwa katika mamilioni ya nyumba kati ya 1978 na 1995. Klorini iliyotiwa majini ilidhoofisha bomba hilo na viungo vyake vya plastiki, nyumba zikafurika, na mwaka 1995 kesi ya pamoja ikamalizwa kwa makubaliano ya fidia ya dola milioni 950. PEX ni plastiki tofauti, lakini funzo ni lile lile. Bomba na viungo vyake vinunuliwe kama mfumo mmoja, vya mtengenezaji mmoja, na fundi atumie kifaa cha kukazia kilichotengenezewa mfumo huo. Kukaza kwa koleo la kawaida ni kualika mvujo.

Mvujo ni hasara ya maji, na pia ni hatari kwa afya. Katika mitaa inayopata maji kwa mgao, presha ikikatika, bomba lenye ufa chini ya ardhi huweza kunyonya maji machafu yaliyo kando yake na kuyapeleka jikoni.

Hatari isiyoonekana

Kazi ya mwisho ya bomba la chuma ndiyo inayosahaulika, nayo inaweza kugharimu maisha. Katika nyumba za zamani, baadhi ya mafundi wa umeme waliunganisha waya wa ethi, yaani ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, na bomba la maji. Chuma kilichozikwa kiliufikisha umeme huo ardhini. Plastiki haipitishi umeme. Fundi akikata kipande kimoja cha chuma na kuweka plastiki, kinga hiyo imekwisha, na hakuna taa itakayozimika kumjulisha mwenye nyumba.

Siku ambayo shawa ya umeme itaharibika, umeme hautakuwa na njia ila mwili wa anayeoga. Kwa hivyo, kabla ya bomba la kwanza kukatwa, fundi wa umeme mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) akague ethi ya jengo zima. Ikiwa ilitegemea bomba, achimbie nondo ya ethi na kuweka swichi ya miliampia 30 inayokata umeme mara unapovuja.

Kabla ya kupiga plasta

Kila bomba lina maandishi yanayoonyesha aina ya plastiki, upana, unene wa ukuta, daraja la presha na kiwango cha ubora. Yasome, na utafute nembo ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS). Bomba lisilo na maandishi lirudi dukani.

Kazi ikikamilika, mabomba yajazwe maji na kupimwa kwa presha isiyopungua mara moja na nusu ya ile itakayotumika, huku kila kiungo kikikaguliwa kwa macho. Piga picha za kuta zikiwa wazi, ukiweka futi ya kupimia kando ya bomba, ili anayetoboa ukuta miaka ijayo ajue limepita wapi. Plasta ije baadaye. Fundi anayetaka kufunika ukuta kabla ya kipimo hicho asilipwe salio lake.