Mshono wa Gismonda

Katika soko la Kasulu, fundi cherehani hana haja ya kueleza kazi yake kwa maneno mengi. Hubandika karatasi moja kubwa ukutani, imejaa wanawake waliovaa vitenge: mabega yaliyofura, viuno vilivyobanwa, marinda yanayofagia chini. Kila mmoja ana namba. Mteja huingia na kitenge chake cha yadi sita, akatazama, akaweka kidole. "Fundi, nishonee hii, ila mikono usiipandishe hivyo." "Sawa mama, lakini hapa kiunoni patakula kitambaa." Sijasikia hata mara moja mtu akiuliza yule mama wa pichani ni nani. Amekwisha kuwa mshono namba 14.

Karatasi hiyo ina nyanya yake, na nyanya huyo alizaliwa Paris. Krismasi ya mwaka 1894, mwigizaji mashuhuri wa Ufaransa, Sarah Bernhardt, alihitaji tangazo la tamthilia ya Gismonda ya Victorien Sardou, na alilitaka liwe ukutani ifikapo Januari mosi. Kisa kimepambwa kadiri kilivyosimuliwa, lakini kiini chake ni kwamba kwenye kiwanda cha chapa cha Lemercier wachoraji wenye majina walikuwa likizoni. Aliyekuwapo ni Alphonse Mucha, mhamiaji kutoka Moravia, mwenye umri wa miaka 34, aliyekuwa akiishi kwa kuchorea majarida na vitabu. Kazi akapewa yeye.

Alichokitoa kilikuwa kirefu kupita mita mbili na chembamba kama mlango wa bawa moja, upana wake sentimita 74 hivi. Sarah amesimama peke yake, ukubwa wake unakaribia wa mtu halisi, amevaa joho zito la nakshi linaloteremka hadi miguuni na maua ya okidi kichwani. Mkononi ana tawi refu la mtende. Muumini wa Kabanga, huku kwetu Kasulu, hahitaji kuelezwa: hii ni Jumapili ya Matawi, maandamano yaliyomo katika tendo la mwisho la tamthilia, ambamo Gismonda ni mtawala wa Athens ya zama za kati. Nyuma ya kichwa kuna tao la vijiwe vya rangi lenye jina la mwigizaji, mithili ya duara la utukufu linalomzunguka mtakatifu kwenye picha za kanisani. Sarah alikuwa na miaka 50. Sura ya karatasini haina umri.

Mbinu yenyewe ilikuwa ya jiwe. Mwaka 1796 Mjerumani Alois Senefelder aligundua kwamba ukichora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, kisha ukalilowesha, wino utashika penye mafuta na kukataa penye maji. Ndiyo lithografia. Kila rangi huchapwa peke yake, nayo karatasi sharti irudi pale pale ilipokaa mwanzo, la sivyo mdomo utahamia shavuni. Tangazo hili lilikuwa refu kuliko mawe, hivyo lilichapwa vipande viwili vikaunganishwa ukutani. Wapenzi wa picha waliwahonga wabandikaji, au wakatoka usiku na nyembe kuyabandua matangazo hayo. Sarah akamfunga Mucha kwa mkataba wa miaka sita.

Kwa macho ya mtu aliyelelewa na khanga, hata hivyo, kazi ya Mucha haina ugeni mkubwa. Ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, ina jina. Na umri haupishani sana: huko Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kama Abdulla, alianza biashara yake ya khanga mwaka 1887, na maandishi yalipoingia kwenye nguo yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi. Lakini kwenye jina ndipo ndugu hawa wawili, tangazo na khanga, wanapoachana. Paris ilimchora mwanamke aliyevaa nguo, ikaandika jina lake. Pwani ilichapa nguo na maneno yake, ikaacha nafasi ya mwanamke wazi, aijaze atakayeinunua.

Nguo hizo zilifika Buha, nchi ya Waha iliyo na Kasulu yetu, kwa njia ndefu. Kabla ya pamba, Waha walivaa ngozi na magome ya miti. Reli ya kati iliingia Kigoma mwaka 1914, na chini ya Waingereza wilaya za Kasulu na Kibondo zikawa chimbuko la manamba waliokwenda kukata mkonge Tanga. Mwanamume aliyerudi mikono mitupu alikuwa na la kujieleza. Aliyerudi na nguo za mke na mama mkwe alikuwa amekwisha kujieleza.

Na mwanamke wa jukwaani alifikaje? Kwa sikio. Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za Kiswahili kwa nembo ya His Master's Voice, kampuni ambayo picha yake maarufu ni mbwa anayesikiliza gramafoni. Ni kichekesho cha historia ambacho sijakizoea: mwimbaji mkubwa kuliko wote wa lugha yetu wakati ule alisafiri chini ya picha ya mbwa wa watu. Sura yake tuliiachia maneno, na mwandishi Shaaban Robert akaichora kwa kalamu katika wasifu aliouandika juu ya Siti. Hata zama za vikundi vya maonyesho vya mjini, kilichouita umati kilikuwa gari la matangazo na kipaza sauti chake.

Huku Buha, mwanamke aliyevaa rasmi mbele ya umati si lazima awe alikuwa akiigiza. Mwami, yaani mtemi, Theresa Ntare alishika kiti cha utemi wa Heru tangu miaka ya 1940, na mavazi yake yalikuwa utawala wenyewe.

Nirudi kwa Mucha, maana bado sijafika kwenye kipande ninachokipenda. Mwaka 1898 alimchora Sarah akiwa Médée, mama aliyeua wanawe. Ameshika jambia, macho yamemtoka, na mkono wake umezungukwa na bangili ya nyoka. Sarah alipoiona bangili ile karatasini aliitamani, akamwendea sonara Georges Fouquet amtengenezee ya dhahabu. Fouquet akaitengeneza. Mwigizaji alikuwa amesimama mbele ya picha yake mwenyewe kama mteja mbele ya ukuta wa fundi, ameweka kidole.

Mara ya mwisho nilipokaa kwenye benchi pale sokoni, nikingoja suruali ipunguzwe, mshono namba 14 ulipita barabarani mara tatu. Mmoja kati yao mikono haikupandishwa.